Kipimo

Hapa maji hayajai wala hayapwi kwa ajili ya mwezi.
Ziwa halijui mwezi. Linajua Tukuyu:
kule juu wakifunga madirisha kwa mvua,
kesho yake mlango wa mto unanenepa
na kisiwa chetu kinakuwa kisiwa.

Leo bado ni nchi kavu, karibu.
Novemba, Jumamosi ya soko la Lyulilo.
Nimevaa buti za idara, daftari ndani ya mfuko wa sukari,
naye Subilaga nyuma yangu, pekupeku.
Tangu Matema amesema maneno matatu tu:
"Twende kabla hapajajaa."

Tunafuata ufukwe. Mchanga wa asubuhi
una nyayo za kwarara, una mburuzo wa mtumbwi,
una gae la chungu cha Ikombe.
Subilaga analigeuza kwa kidole cha mguu, analiacha.
Milima ya Livingstone imesimama kando
kama mtu aliyekuja kudai na hataki kuketi.

Penye mto tunaingia. Magotini.
Mchanga chini unacheza
kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi.
Nauliza habari za mamba.
"Mamba yupo," anasema. "Na sisi tupo."

Kisiwa ni hatua mia na themanini, nimezihesabu kazini:
mchanga, matete, mpera mmoja uliokauka umesimama,
na nguzo yangu ya chuma yenye namba nyeusi.
Nasoma. Naandika: moja nukta nne sifuri.
Ninapoinua kichwa, amepiga magoti,
anachimba kwa mikono mahali pasipo na kitu.

"Jikoni kwangu."

Hapa waliishi hadi mwaka ule ziwa lilipopanda,
yeye na Ambwene na watoto, mpunga upande wa kusini.
Mwaka ule ninao, umo kwenye daftari,
namba kubwa kuliko zote.
Niliipigia mstari mara mbili, nakumbuka,
kwa furaha ya mtu aliyepata rekodi.

Figa la kwanza linatoka, jeusi upande mmoja.
La pili. Analifuta kwa pindo la kanga.
Namuuliza, huko Ipinda ulikohamia hakuna mawe?
"Yapo. Hayajaungua na mimi."

La tatu tunalitafuta mpaka jua linapasua utosi.
Ninayeliona ni mimi, na heri nisingeliona:
mafundi walilibana shinani mwa nguzo,
wakalimwagia zege, ili kipimo changu kisiyumbe.
Upande wa masizi unatazama ziwa.

Sisemi. Anafuata macho yangu.
Analiwekea kiganja
kama anayepima homa ya mtoto.
"Liache," anasema. "Likitoka, utaandika uongo."

Kwenye Rungwe wingu limekaa, zito, rangi ya ini.
Tunarudi. Sasa maji yako kiunoni,
yanashuka na majani ya migomba,
na kandambili moja ya mtu wa huko juu.
Subilaga figa kichwani, mimi figa kichwani,
daftari nimeling'ata kwa meno
kama paka anayehamisha mwanawe.

Ng'ambo, wauza vyungu waliotoka sokoni wanapumzika.
Mmoja anacheka: "Akina mama, mawe mmenunua soko gani?"
Subilaga anakamua kanga. Anahesabu kwa sauti,
moja, mbili,
kisha anageukia mlango wa mto
ambako tulipopita hapapo tena,
na kidole cha tatu kinabaki kimenyooka.

Usiku, kwenye safu ya Maelezo
ambayo miaka yote huiacha tupu,
nimeandika: Nguzo imeshikwa na figa la mtu.

Mkuu wangu ataniuliza figa ni kifaa gani,
na kilinunuliwa kwa fungu lipi.